Hodi Kwenye Kasri la Zege

Ubao uliosimikwa getini ulisema kasri "limejengwa upya". Niliusoma nikacheka peke yangu juani. Kitu kikijengwa upya maana yake kilikuwepo, kikaanguka, kikainuliwa tena pale pale. Hapa nje ya Houston, kabla ya kasri, palikuwa na nyasi na ng'ombe. Kasri lenyewe lilikuwa Japani, likaungua enzi za mababu, Wajapani wakalirudisha kwa zege. Kisha tajiri mmoja wa Texas, aliyetajirika kwa kuchimba mabwawa ya kuogelea, akaliona katika matembezi yake, akalitamani, akarudi kwao na kuiga lile la zege kwa zege lake mwenyewe. Tulichokwenda kukitazama ni mwigo wa mwigo, na walitutoza kiingilio.

Mimi kazi yangu ni ukalimani. Nakaa kwenye chumba cha daktari huko Dallas, daktari upande huu, mgonjwa aliyetoka Kongo upande ule, na katikati niko mimi nikihakikisha "meza kimoja" haigeuki kuwa "meza vyote". Nimezoea kulipima neno kabla sijaliachia. Ndiyo maana ubao ule uliniudhi kuliko jua, na jua la Houston mwezi wa nane si la mchezo, hewa yenyewe unaivaa kama nguo mbichi.

Aliyetupeleka ni kaka yangu, mkubwa wangu kwa umri na mdogo wangu kwa akili, ingawa hilo la pili halisemwi mbele za watu. Anakaa Mansfield, nje ya Dallas, kwenye nyumba yenye nguzo mbili nene mlangoni ambazo hazibebi kitu. Niliwahi kuzigonga kwa vidole, zikalia debe. Ana kampuni ya kuwatafutia wazee wasaidizi wa nyumbani, kwa hiyo hushinda Fort Worth akizunguka na gari, mji wenye jina la ngome ambao ngome yake sijawahi kuiona. Mimi nakaa Vickery Meadow, mle mle Dallas, kwenye ghorofa za kupanga ambako ngazi zinanuka vitunguu vya mataifa yote. Akija kunitembelea hukaa ukingoni mwa kochi, jicho moja dirishani kulichunga gari lake.

Safari haikuwa ya matembezi. Mama yetu alikuwa amekuja kutoka Ujiji, amekaa Mansfield miezi kadhaa, na wiki iliyofuata alikuwa anarudi. Kabla hajapanda ndege kaka alitaka kumtoa neno moja tu kinywani: ndiyo. Ndiyo ya kuibomoa nyumba ya Ujiji aliyoijenga marehemu baba, nyumba ya miti na udongo, paa la bati, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Baba alimwachia mama, na bila kauli ya mama hakuna mwenye ruhusa ya kung'oa hata msumari. Kaka alishatafuta mchoraji, ghorofa ilishachorwa. Mimi nilitaka nyumba ibaki kama ilivyo, irekebishwe panapovuja, basi. Tulikuwa tumeigombania nyumba hiyo mpaka ugomvi wenyewe ukawa mtu mzima. Kwa hiyo niliposikia anampeleka mama kutazama kasri la Kijapani, nilijua anakwenda kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari bila kualikwa.

Kutoka Dallas mpaka Houston ni barabara moja ndefu isiyo na la kusimulia. Kaka aliendesha huku akihubiri.

"Mama, leo utaona kitu. Wajapani nyumba ikichoka wana-rebuild tu. Hawang'ang'anii vitu. Ndiyo maana wame-develop."

"Wakishabomoa, wanalala wapi?" Mama aliuliza.

"Hotelini, Mama. Ni temporary."

"Aa," alisema Mama, akaendelea kuyatazama makanisa ya kando ya barabara, ambayo yalimshangaza kwa kuwa na viwanja vya magari vikubwa kuliko makanisa yenyewe.

Mimi kiti cha nyuma nilisoma habari za makasri kwenye simu. Nilikuwa nimejiwekea akiba ya maneno.

Tulipofika, kitu cha kwanza kutupokea kilikuwa handaki la maji. Makasri ya Kijapani, kama nilivyosoma kwenye simu njiani, yalizungushiwa mahandaki ili adui azame. Hili la tajiri wetu lilikuwa na sakafu ya vigae vya samawati, ngazi za bomba la kung'aa za kupandia, na harufu ya dawa ya maji iliyochoma pua tukiwa bado mbali. Mtu haachi asili. Ndani yake walielea samaki wekundu wakubwa, wanazunguka polepole, na Mama aliwasifia mpaka tulipokaribia tukaona ni wa plastiki, wanasukumwa na pampu. Dawa ile isingemwacha samaki wa kweli hai.

"Adui wa hapa atakoga tu," nilisema.

"We nawe," kaka akajibu. "Kila kitu una-criticize. Tazama ile roof."

Niliitazama. Paa zilipandana, kila moja imepinda ncha, na kwa mbali, nakiri, zilipendeza. Kwa karibu uliona vigae ni bati lililofinyangwa na kupakwa rangi, na chini ya pindo la paa la pili viyoyozi vimepangwa safu vikidondosha maji ukutani.

Mlango mkubwa wa kasri ulikuwa wazi. Kando yake alisimama mzee wa Kizungu aliyevishwa joho la hariri bandia lenye mshipi, upanga wa mbao kiunoni, na miguuni buti za wachunga ng'ombe. Mama alifika akasimama kabla ya kizingiti, akajitanda khanga vizuri, akayaelekeza macho pembeni asichungulie ndani ya nyumba ya watu, akaita:

"Hodi!"

"Haudi!" mzee akaitika kwa furaha.

Asiyeijua Texas namfahamisha: hiyo ndiyo salamu yao ya kienyeji, maana yake hujambo, na hasa wanaovishwa nguo za kuwachekesha watalii hulazimishwa kuitumia. Mama hakuyajua hayo. Alikunja uso, akarudia polepole, kama anayempa mtoto nafasi ya kujirekebisha.

"Hodi!"

"Haudi, haudi!"

"Hodi jamani, wenyewe mpo?"

"Haudi, ma'am!" Mzee alishaanza kuinama Kijapani.

Mama akageuka, akaanza kushuka ngazi. Kwetu hodi ni tatu. Ukikaribishwa, unaingia. Usipokaribishwa, unarudi ulikotoka, na hununi, maana mwenye nyumba ana haki ya kutokuwa tayari.

Kaka alimkimbilia. "Mama, unaenda wapi?"

"Narudi garini. Nimepiga hodi tatu, na yeye ananipigia hodi. Sote wageni hapa, baba. Mwenye nyumba hayupo."

Sikumbuki lini nilifurahi vile. Miaka yote kaka anamweleza kila mtu jinsi anavyoijua Amerika, na sasa amesimama kwenye ngazi za kasri la uongo, jasho linamtoka, akimweleza mama yake kwamba tiketi ndiyo karibu.

"Tiketi ni ya mpirani," Mama alimjibu kwa upole. "Mimi siingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa, hata iwe ya Mjapani."

"Mama, hakuna mtu anayeishi humo!"

"Si ndiyo nasema."

Nilikaa kwenye ukingo wa ua nikajipepea kwa karatasi ya matangazo. Kaka alinitazama nimsaidie. Sikumsaidia. Mwisho akapita kando ya mzee, akaingia ndani mpaka katikati ya ukumbi, kati ya watalii na vigari vya watoto wao, akageukia mlango, akaita kwa sauti yote aliyojaliwa:

"Karibu!"

Watu wakageuka. Mzee wa mlangoni alidhani ni ukelele wa vita, akachomoa upanga wake wa mbao akaunyoosha juu. Mama akarudi, akasema "Starehe", akatanguliza mguu wa kulia na bismillahi yake, akaingia. Kaka alipangusa uso. Alikuwa amemkaribisha mama yake kwenye nyumba ambayo hata yeye alikuwa mgeni, na kwa kweli nilimdharau, lakini nilimwonea huruma pia kidogo.

Ndani Mama alivua viatu. Alivibana kwapani, akasimama peku kwenye sakafu iliyochorwa mistari ya mbao. Msichana mmoja mwenye redio kiunoni alitujia mbio, akaniambia nimwambie mama avae, wageni hawaruhusiwi peku, mambo ya bima. Nikatafsiri. Mama alivaa bila ubishi.

"Nyumba ya kuingia na viatu," alisema, "hiyo ni soko."

Na soko lilikuwepo, ghorofa ya chini yote. Panga za kutundika ukutani, vipepeo vya karatasi, kofia za pama zenye maandishi ya Kijapani ambayo nina hakika muuzaji hayajui. Kwenye kona palikuwa na nguo za vita za samurai kwenye sanamu, na mtu fulani, labda mwenye kasri mwenyewe, aliona kichwa cha sanamu kimekaa bure akakivisha pama. Watu walipanga foleni kupiga picha na sanamu hiyo. Kaka naye alipiga. Alimwomba Mama asimame kulia, Mama akasimama na uso wake wa picha za pasipoti.

Tulipanda kwa lifti. Lifti! Ngome ya kuzuia majeshi, na adui akifika anabonyeza kidude. Sauti kutoka kwenye dari ilitueleza kwamba ngazi za kasri la asili zilikuwa za mteremko mkali ili washambuliaji wachoke, kisha mlango ukafunguka kwa mlio wa kengele. Ghorofa ya pili ni ukumbi wa harusi. Ya tatu ni chumba cha kulala cha bwana mkubwa wa Kijapani, kamba imepitishwa mbele yake, na nyuma ya mto wake wa mbao nikaona tundu la umeme na chaja ya simu ya mfagiaji. Picha moja tu ilinigusa, ndogo, imewekwa karibu na choo: mawe meusi ya msingi wa kasri la kweli baada ya moto, na majani yanaota katikati yake. Hakuna aliyesimama kuitazama. Hata mimi sikusimama sana, kwa kuwa kaka alishamwongoza Mama juu, na nilijua huko ndiko alikokusudia.

Juu kabisa palikuwa na roshani yenye benchi. Bwana mkubwa wa Kijapani, tuliambiwa na sauti ile, alitazama kutoka hapa mashamba yake yote. Sisi tulitazama barabara kuu, maghala ya kupangisha ya kuwekea vitu vya watu ambavyo havijapata nafasi nyumbani kwao, na duka la matairi. Mama alikaa. Kaka akakaa kulia kwake, akatoa simu. Mimi nikakaa kushoto.

"Umeona, Mama?" kaka alianza. "Hili liliungua kabisa. Lakini wamelirudisha, exact. Hakuna anayelia." Akamwekea picha mbele ya macho: ghorofa nyeupe, roshani mbili, vioo vya buluu, na mlangoni, Mungu anisamehe nilivyocheka, nguzo mbili nene. "Baraza ya Mzee tunaiacha pale pale, tunaijenga upya vile vile. Ukumbi pale pale. Ila sasa na vigae. Sema ndiyo tu, Mama, fundi ni-m-call leo leo."

"Vile vile kwa zege," nilisema.

"Kwani zege ina nini?"

"Jino la pembe si dawa ya pengo."

"Na nyumba inayovuja ni dawa ya nini? Mama analala na ndoo kitandani, wewe unaleta methali."

"Paa linabadilishwa. Kuta zile baba alizisiliba kwa mikono yake. Kwenye chumba cha mwisho alama za vidole vyake bado ziko ukutani, unaweza kuweka vyako juu yake. Hizo mchoraji wako atazichora?"

"Mara ya mwisho kuziona ni lini?"

"Na wewe?"

Jibu letu sote lilikuwa moja: arobaini ya baba. Kisha tukaendelea, kwa sauti, na mama mmoja wa Kizungu akamwondoa mtoto wake pale. Nilimwambia kaka kwamba anataka kumgeuza Mama mlinzi wa hoteli. Akaniambia mimi nataka kumgeuza mlinzi wa makumbusho. Nilimwambia hana haya. Akaniambia sina akili. Nilikuwa nimezijua kuta zile kwa moyo, kila ufa na kila pembe, na nilizitaja moja moja kama wakili, na kwa kila niliyoitaja nilimwona kaka akipungua. Nilikuwa nashinda.

"Mmemaliza?" Mama aliuliza.

Tukasema tumemaliza.

"Ile nyumba haipo."

Kaka alidhani hajasikia vizuri. "Haipo kwenye nini, Mama?"

"Haipo. Iliangushwa na masika, si ya mwaka huu, yale yaliyopita. Ulianza ukuta wa chumba cha baba yenu, nikiwa kwa jirani nachagua mchele. Nikasikia kishindo. Nikatafuta watu wakateremsha bati na miti iliyobaki isije ikaua mtoto wa mtu. Udongo ulirudi chini wenyewe. Sasa hivi pale nimepanda mihogo."

Alisema hayo kwa sauti ile ile aliyoulizia Wajapani wanalala wapi. Alama za vidole nilizokuwa nikizitetea dakika ile ile zilikuwa shamba la mihogo, na nilikuwa nimezisimulia kwa uhodari mbele ya mtu aliyeziona zikianguka. Sikuwa na wa kumdharau tena pale roshani ila aliyekuwa amekaa kushoto kwa Mama.

"Lakini Mama, video!" kaka akasema. "Si nakuona ukumbini? Kila Ijumaa kabla hujaja nakuona ukumbini!"

"Unaniona chumba cha uani, kile kilichosalia, alichokuwa amepanga mwalimu mmoja. Nimetundika pazia lile lile, picha ya baba yenu nimeiweka nyuma yangu pale pale, na kiti ni kile kile. Nakaa hivi." Akajiweka sawa kwenye benchi, mikono mapajani, na kweli, alikuwa yule yule wa kwenye simu, na nyuma yake ukumbi mzima wa nyumba yetu ulisimama. "Majirani niliwaambia wanyamaze. Na nyie pale mna nani mwingine wa kumuuliza?"

Hatukuwa na mtu. Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

Mama alinitazama mimi, kisha akamtazama kaka, kwa muda sawa, kama alivyokuwa akitugawia nyama tulipokuwa wadogo.

"Mlipokuwa mnapendana, simu zenu zilikuwa Idi kwa Idi," alisema. "Mlipoanza kuigombania nyumba, simu yangu hailali. Huyu leo, huyu kesho, kila mmoja ananibembeleza nimwambie ndiyo. Mnaniuliza nimekula nini. Mnaniuliza magoti. Ningewaambia nyumba haipo, mngekuwa mnanipigia mnatafuta nini?"

Kaka alikuwa bado ameishika simu na ghorofa yake nyeupe. Kengele ya lifti ililia, wakatoka watalii wengine wakisema haudi.

Mama akasimama kwa kushika bega langu na la kaka, akajifunga khanga upya.

"Haya, tushuke," alisema. "Ila nikishafika Ujiji, wanangu, nawaomba kitu kimoja. Msipatane upesi."